Bei ya Jina la Delyth Kastadi

Delyth Kastadi alilipata jina lake kwa halali. Miaka ishirini na saba alikuwa mpishi wa shule ya msingi ya Cwm Helyg, na kila Jumatatu alikoroga kastadi ya njano, nzito, isiyo na donge hata moja. Watoto aliowalisha walikua wakawa madereva na mafundi bomba, na mmoja akawa daktari kabisa, na mpaka leo wakimwona barabarani wanalamba midomo. Jina la namna hiyo halinunuliwi dukani.

Maana bonde la Cwm Helyg lina watu elfu nne na majina ya ukoo manne: Evans, Davies, Rees na Pugh. Akina Delyth Evans peke yao walikuwa watano. Kwa hiyo kila mtu hupewa jina la kazi yake au la kioja chake, na akishapewa hana pa kukata rufaa. Muuza nyama aliitwa Huw Soseji, naye hakuwa na la kulalamika. Lakini Gwilym, mzee wa kanisa, mtu aliyesimamia mazishi ya nusu ya bonde, alisinzia siku moja tu maktaba juu ya gazeti, akakoroma mpaka watoto wakakimbilia nje, na tangu hapo ni Gwilym Koroma. Jirani yake Delyth, Idris, fundi umeme mstaafu, alijigonga kwenye mlango wa kioo wa maktaba hiyo hiyo, akawa Idris Mlango. Unaweza kuishi kwa adabu miaka sitini, ukateleza dakika moja, na watu wakakuzika na hiyo dakika.

Delyth aliyajua hayo kuliko wengi, kwa sababu ya mumewe. Miaka minane iliyopita Emrys alifukuzwa na bata. Ndivyo habari ilivyofika: bata wa bwawa lililo nyuma ya maktaba alimkimbiza mpaka ndani, na Emrys akakaa humo saa nzima akiogopa kutoka. Kesho yake watoto wa shule walimpigia Delyth "kwaa, kwaa" huku akiwagawia viazi.

"Mwanamume mzima!" alimfokea mumewe jioni ile. "Tena wa kukulia shambani!"

"Del, alikuwa bata mkubwa," Emrys alijibu, akacheka, akaendelea na chai yake.

Delyth alimnunia siku tatu. Na Emrys Bata alipofariki, miaka mitano baadaye, wenzake wa kwaya walileta shada la maua lenye umbo la bata. Walikuwa na nia njema. Delyth aliona aibu mpaka machozi yakagoma kutoka.

Basi deni lilipoingia nyumbani kwake, Delyth hakuogopa benki. Aliogopa kuitwa Delyth Madeni.

Lilianza na boila, mtambo wa kupasha nyumba joto. Ilikufa wiki ya Krismasi, na nyumba ya mawe katika bonde lile bila boila haina tofauti na jokofu. Akakopa. Halafu jokofu lenyewe nalo likafa, akatoa kadi ya mkopo. Kadi ya pili akaichukua ili ailipe ya kwanza, na zawadi za wajukuu akazinunua kwa katalogi, za kulipa kidogo kidogo. Akawa anafukua huku ili afukie kule. Alipokuja kujumlisha, ilikuwa pauni elfu sita mia nne na themanini, na simu za wanaomdai zilikuwa nyingi kiasi kwamba simu yake ilihamia ndani ya kopo la unga, asiisikie.

Ndipo alipoona tangazo la kampuni moja ya Manchester. Wao, ilisema, watazungumza na wanaokudai kwa niaba yako. Wewe unalipa mara moja tu kwa mwezi, wao wanagawa. Delyth alifunga mapazia saa sita mchana, akapiga. Akapokewa na kijana aitwaye Barnaby.

"Kwanza pole sana, Bi Evans," alisema Barnaby. "Hili linawapata watu waungwana kabisa."

Delyth alikaa kitini. Hakuna aliyemwita muungwana tangu Emrys afe. Walizungumza dakika arobaini, na Barnaby aliuliza mpaka habari ya goti lake. Mpango wenyewe ulikuwa hivi: Delyth atawapa pauni mia na ishirini kila mwezi. Thelathini na nane zitakuwa zao kwa kazi yao, zilizobaki zitakwenda kwa wanaomdai. Mwezi wa kwanza wote utakuwa wa kampuni, kwa ajili ya kufungua jalada.

Halafu kijana akabadilisha sauti, akasoma kwa pumzi moja: "Natakiwa kisheria kukujulisha kwamba ushauri wa madeni bila malipo unapatikana na orodha ya walio karibu nawe iko kwenye barua yetu."

"Umesema nini, mwanangu?"

"Aa, hiyo sheria tu, Bi Evans. Lazima niisome."

"Sitaki cha bure," alisema Delyth. "Kwetu tunalipia tunachotumia."

Barua ikaja, ya karatasi nzito, na orodha ikiwa ukurasa wa mwisho. Iliyo karibu kuliko zote ilikuwa mtaa wa pili: Maktaba ya Cwm Helyg, kila Jumanne, saa nne hadi saa nane. Muulizie Bi Ceinwen Rees.

Delyth alicheka peke yake jikoni, kicheko kisicho na furaha. Ceinwen Redio! Bonde zima lilijua kwamba Ceinwen hukaa maktaba Jumanne akisaidia watu na fomu zao, lakini deni? Huyu mwanamke alikaa dirisha la posta miaka thelathini, na tangu astaafu kituo chake kilikuwa foleni ya mkate dukani. Ukipiga chafya jikoni kwako asubuhi, kufikia mchana watu wanakuletea asali. Yeye ndiye aliyetangaza mlango wa Idris. Yeye ndiye aliyetangaza bata, tena kwa kuigiza mbio zenyewe katikati ya duka, mikono ikipiga mabawa. Kumpelekea Ceinwen siri ni kumkabidhi fisi bucha.

Delyth akatia sahihi mkataba wa Manchester. Aliona pauni thelathini na nane kwa mwezi ndiyo bei ya jina lake, na jina lilistahili. Mkataba ulimpa siku kumi na nne za kubadili nia. Hakuziwazia.

Siku ya kumi na mbili, Jumatatu, alirudi kutoka shuleni saa tisa, akatengeneza chai, akausoma mkataba upya. Hakuwa na shaka. Alitaka tu kujua tarehe. Lakini jicho lilikwama kwenye mstari ule wa mwezi wa kwanza. Pauni mia na ishirini, zote, na hakuna hata peni moja inayokwenda kwenye deni.

Sasa, kulikuwa na sheria moja katika jiko la Delyth ambayo hata mwalimu mkuu aliiheshimu: hakuna anayekula kabla ya watoto. Kuna msaidizi aliwahi kuchota bakuli lake kutoka sinia la kwanza, na hakumaliza wiki. Delyth alitazama mstari ule, akaona mtu wa Manchester, muungwana mwenye sauti nzuri, amekaa mezani anakula sinia la kwanza lote huku watoto wamepanga foleni.

"Hata kama," alijiambia. Mama yake alikuwa akisema rahisi huvunja upishi, na Delyth aliamini kwamba mambo yalikuwa hivyo hata kwenye ushauri: cha bure kitakuwa na donge mahali. Ila usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi aliomba ruhusa kazini, akavaa koti la kanisani. Atakwenda kuuliza fomu ya basi, ile ya kuombea pasi ya wazee. Mtu ana haki ya kuuliza fomu ya basi.

Mvua ilikuwa inanyesha kama ilivyozoea. Ceinwen alikuwa kwenye meza yake nyuma ya rafu ya vitabu vya bustani, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, kopo la biskuti mkononi.

"Delyth Kastadi!" sauti yake ilifika mpaka kwenye magazeti. "Leo mvua imetuletea wageni!"

"Nimekuja kuulizia fomu ya basi."

"Fomu ya basi nilikujazia mwaka jana." Kisha Ceinwen akashusha sauti. Walisoma pamoja tangu chekechea, na Delyth hakuwahi hata siku moja kumsikia akishusha sauti. "Kaa, mwenzangu. Ni kiasi gani?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Umekuja Jumanne, umevaa koti la kanisani, na mkoba umeukumbatia kama mtoto mchanga. Watu wa fomu ya basi hawashiki mkoba hivyo."

Delyth akakaa. Alitaka kusema jambo la kujihami, akajikuta anatoa barua zote, moja baada ya nyingine, mpaka mkoba ukabaki na leso na vidonge vya goti. Ceinwen alizifungua zile ambazo hazijafunguliwa, akazipanga kama karata. Hakusema "masalale," hakutikisa kichwa. Aliuliza mshahara, kodi ya nyumba, gesi, umeme, akaandika.

"Chakula umesema pauni kumi na nane kwa wiki," alisema. "Wewe mpishi! Unakula nini, rangi ya ukuta?"

"Nakula shuleni."

"Na Jumamosi? Na likizo? Acha utani." Akafuta namba, akaandika nyingine. "Hiyo mia na ishirini huiwezi. Utailipa miezi mitatu, wa nne utatoa kadi nyingine, na tutaonana tena hapa. Unaweza mia. Sasa nionyeshe hao wa Manchester."

Alisoma mkataba wote, hata maandishi ya sisimizi.

"Barnaby," alisema. "Ana sauti nzuri?"

"Sana."

"Huwa wanazo. Tazama hapa." Aligeuza karatasi. "Manchester: mia na ishirini kila mwezi, unamaliza baada ya miaka sita na miezi minane, na njiani umewapa wao pauni elfu tatu na zaidi. Huku kwetu: mia tu kwa mwezi, yote inakwenda kwenye deni. Unamaliza miaka mitano na miezi mitano. Unakula Jumamosi, na bado unamaliza kabla. Barua za kuwaomba waache kuongeza riba wanaandika wao, na sisi tunaandika. Stempu ni ile ile."

Delyth alizitazama namba muda mrefu. Alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo havikumdanganya.

"Na ninyi mnalipwa na nani?" aliuliza. "Cha bure hakikosi mwenyewe."

"Mimi nalipwa biskuti. Shirika letu la ushauri linachangiwa, na wanaokudai nao wanachangia. Wao wanataka hela yao, Delyth, hawana raha ya kukimbizana na wewe. Sasa kama wao wameshatoa, wewe unalipia nini tena? Dawa ya deni ni kulipa deni, si kumlipa Barnaby."

"Lakini nimeshatia sahihi."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tatu."

Ceinwen akamsogezea simu. "Basi mpigie. Barua ya kuvunja mkataba tunaituma sasa hivi pia."

"Siwezi." Delyth alihisi uso unamchoma. "Ceinwen, alikuwa mpole. Aliniuliza mpaka goti. Mtu kakuuliza goti lako, halafu unampigia unamwambia humtaki?"

"Unaweza kumlipa elfu tatu, lakini kumwambia hapana huwezi?"

"Ndiyo," alisema Delyth, na alikuwa anasema kweli tupu.

Ceinwen hakucheka. Alibonyeza namba mwenyewe, akamwekea simu sikioni.

"Barnaby, mwanangu," alianza Delyth, "samahani sana. Ni Delyth Evans. Wewe hukunikosea kitu. Samahani, nimefikiri tena… hapana, hapana, wewe ulikuwa mzuri sana, samahani… ndiyo, kuvunja. Samahani." Akasikiliza. "Ooh. Ahsante. Lina nafuu kidogo, likipata baridi ndiyo linauma. Na wewe mwanangu. Samahani."

"Samahani tano," alisema Ceinwen, vidole vitano hewani. "Amekasirika?"

"Amesema hakuna neno. Amenitakia heri." Delyth alishangaa kwamba dari ya maktaba ilikuwa bado mahali pake.

Alitia sahihi karatasi za Ceinwen, akasimama, akavaa glavu. Hapo ndipo alipowaona wanawake wawili wa kwaya kwenye rafu ya vitabu vya mapenzi, wameshika kitabu kimoja kichwa chini miguu juu, macho kwake. Alitazama saa ya ukutani. Dakika hamsini. Hakuna fomu ya basi ya dakika hamsini duniani.

"Ceinwen," alinong'ona, "watauliza."

"Watauliza."

"Utawaambia nini?"

"Niachie mimi. Ila kuna malipo kidogo."

"Ulisema bure!"

"Pesa ni bure," alisema Ceinwen, akafunga kopo la biskuti. "Nenda nyumbani, ukale."

Jumatano asubuhi Delyth alipitia dukani kununua mkate kabla ya kazi. Sauti aliisikia akiwa bado upande wa pili wa barabara.

"…sweta lote! Mkono mpaka kiwiko! Mashine inavuta, yeye anavuta, karatasi zinatoka zina picha za vifungo! Dakika hamsini, jamani, tunavuta kama watu wa ng'ombe aliyeanguka shimoni, na yeye analia, 'Msilikate, sweta la marehemu!'"

Foleni nzima ilikuwa imeinama kwa kicheko. Wale wawili wa kwaya walikuwa wanaitikia kwa vichwa kama watu walioshuhudia. Ceinwen aligeuka.

"Huyo hapo! Delyth Fotokopi mwenyewe!"

Delyth aliondoka bila mkate. Miaka ishirini na saba ya kukoroga, na kastadi yote ilimwagika kwa muda usiotosha kuchemsha yai! Shuleni habari ilikuwa imeshamtangulia. Watoto walibandika viganja kwenye kioo cha kaunta, na kijidudu kimoja cha darasa la pili kikamnyooshea bakuli kwa heshima zote: "Bibi Fotokopi, naomba kopi mbili." Delyth alimpa kopi mbili. Lakini rohoni alikuwa anawaka, na alimlaani Ceinwen kwa lugha zote mbili za nchi ile.

Aliporudi nyumbani, Idris Mlango alikuwa bustanini kwake, anachuma nyanya kwenye kibanda chake cha kioo. Alikuwa rafiki ya Emrys tangu utoto.

"Shemeji Fotokopi!" aliita juu ya ukuta.

"Usinianze, Idris. Sijakwama kwenye mashine yoyote."

"Najua."

"Unajua nini?"

Idris alitazama kushoto, akatazama kulia, akausogelea ukuta. "Mimi nami sijajigonga kwenye mlango wowote."

Delyth alimtazama usoni. Pua ya Idris ilikuwa imenyooka, haikuwahi kuvunjika. Alikuwa ameishi jirani na pua ile miaka arobaini.

"Pauni elfu tisa na mia mbili," alisema Idris taratibu. "Nilikuwa nakaa na Ceinwen kila Jumanne ya mwisho wa mwezi. Nimemaliza mwaka juzi. Uliwahi kusikia lolote?"

"La."

"Wewe jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Hukusikia lolote, kwa sababu ulishasikia mlango. Bonde hili lazima lile, shemeji. Usipolipatia kitu cha kutafuna, litakutafuna wewe. Yule mama analipatia la kutafuna." Alimpa mfuko juu ya ukuta. "Wengine ni akina nani sijui, wala hawezi kuniambia hata nimtese. Ila mtu akipata jina jipya siku ya Jumatano, mimi humpelekea nyanya."

Akarudi kwenye mimea yake. Delyth akabaki na mfuko mkononi. Gwilym Koroma, maktaba. Idris Mlango, maktaba. Kisha akalikumbuka bwawa la yule bata: nalo lilikuwa nyuma ya maktaba.

Bata alitokea mwaka ule kiwanda alichofanya kazi Emrys kilipofungwa. Emrys alikaa miezi saba bila mshahara, na Delyth alikuwa akisubiri zile barua za madai zenye maandishi mekundu, hazikuja. Alipomuuliza, Emrys alisema, "Nimepanga, Del, usijali," naye hakujali, kwa kuwa alikuwa na jambo la kumuudhi zaidi, bata. Bata! Emrys alikulia shambani. Alikuwa akichinja bata wa Krismasi tangu ana miaka tisa, wawili kwa mkono mmoja, huku anapiga mluzi. Na mkewe aliamini kwamba mtu huyo alikimbizwa na bata, akamnunia siku tatu, na yeye akakubali kununiwa, akanywa chai yake, akaenda kaburini na jina la kuchekesha ili nyumba ibaki na amani.

Delyth alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mfuko wa nyanya mapajani, akalia. Machozi yaliyogoma siku ya mazishi yalitoka yote hapo. Alimwonea Emrys huruma, akamkasirikia kwa kutomwambia, akakumbuka kwamba yeye mwenyewe alificha simu kwenye unga, akaanza kucheka katikati ya kilio. Idris, muungwana, alikwenda mwisho wa bustani akajifanya hasikii.

Jumanne iliyofuata Delyth aliingia maktaba na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Kulikuwa na mvua, na kastadi ilikuwa bado ya moto. Ceinwen alilifunua, akanusa, akachukua kijiko kutoka kwenye droo yake kama mtu aliyekuwa akisubiri jambo hilo miaka mingi.

"Barua za watu wako wawili zimeshajibiwa," alisema, mdomo umejaa. "Wamekubali, na riba wamesimamisha. Wa tatu atajibu, ni mvivu tu."

Delyth alishukuru. Akavua glavu, akazivaa, akazivua tena.

"Ceinwen, nataka kukuuliza kitu. Emrys. Yule bata."

Kijiko kilisimama kidogo sana, kisha kikaendelea.

"Nilimwona kwa macho yangu," alisema Ceinwen. "Alikuwa na hasira sana yule bata."

Delyth alisubiri. Ceinwen alimtazama moja kwa moja, macho makavu, uso wa mtu wa dirisha la posta. Hakuna kilichotoka. Mume wa mtu amekufa miaka mitatu, mjane wake amekaa mbele yake na bakuli la kastadi, na mwanamke mwenye mdomo mkubwa kuliko wote bondeni hatoi hata tone. Delyth alihisi upendo kwake ambao hakujua aupeleke wapi.

"Alikuwa mkubwa?" aliuliza.

"Mkubwa hivi," alisema Ceinwen, akapanua mikono mpaka ikagusa rafu.

Walicheka mpaka mkutubi akaja kuwanyamazisha, na miwani ya Ceinwen ikafanya ukungu, ikabidi aifute kwa muda mrefu kuliko ukungu wenyewe ulivyohitaji.

Delyth alipoinuka kuondoka, alipishana na mtu mlangoni. Alikuwa Huw Soseji, muuza nyama, mtu mnene mwenye vicheko, ila leo hakuwa na kicheko. Alikuwa amevaa suti ya harusi na mazishi, na bahasha ya kahawia ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Fomu ya basi," alisema Huw haraka, kabla hajaulizwa.

"Ndiyo, Huw," alisema Delyth. "Zinasumbua sana hizo. Ingia ukae tu."

Saa moja baadaye alikuwa kwenye foleni ya mkate. Duka lilikuwa limejaa, na wale wawili wa kwaya walikuwa mbele yake, vichwa vimegusana.

"…na amevaa suti," mmoja alikuwa anasema. "Tumempita dirishani. Saa nzima yuko mle na Ceinwen. Huw! Na duka amefunga! Unadhani kuna nini?"

Delyth hakuwahi kubeba umbea maishani mwake. Aliweka kikapu chini, akafungua kifungo cha juu cha koti apate pumzi, akapaza sauti mpaka wa mwisho kwenye foleni akageuka.

"Jamani, hamjasikia? Huw kakalia kiti cha watoto kule maktaba, kimemnasa, na hakitoki!"